Kiuno kinauma: ni figo, ni diski, au ni nini?

Kiuno kinaniuma wiki ya pili sasa. Si figo kweli?
Mara nyingi si figo. Figo huuma juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na likiwa na maambukizi huja na homa, kutetemeka au mkojo unaochoma. Kiuno kinachobana unapoinuka kitini, kikalegea ukitembea kidogo, ni cha misuli na viungo vya mgongo. Kwa wagonjwa walio wengi, takriban 9 kati ya 10, hapapatikani ugonjwa mmoja wa kusema ndio chanzo.

Basi nipige picha ya MRI nijue moja?
Huenda ukatoka na hofu tu. Watu wazima wengi wasioumwa popote nao wakipigwa picha huonekana diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, zimechakaa au zimetokeza. Ukishaambiwa "diski imetoka" unaanza kuuogopa mgongo wako, hutaki hata kuinama, na mwili unazidi kukakamaa.

Nilale mpaka kiishe?
Hapana. Punguza kazi nzito siku mbili tatu, lakini usijilaze. Tembea dakika chache, pumzika, rudia. Kama ni shamba, palia kidogo kidogo. Kama ni bodaboda, shuka unyooshe mgongo kati ya abiria na abiria. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6.

Mkanda na sindano ya diklofenaki je?
Kwa maumivu yaliyopita miezi 3, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haupendekezi mikanda wala dawa za jamii ya afyuni, tramado ikiwemo. Unapendekeza elimu, mazoezi, na dawa kama ibuprofeni, na diklofenaki ni ya jamii hiyo hiyo. Hizo nazo zitumike kwa muda mfupi. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, presha au ujauzito aulize kwanza. Sindano ya nini wakati kidonge kipo? Ikichomwa vibaya takoni inaweza kujeruhi mshipa wa fahamu wa mguu.

Lini niende hospitali?
Leo hii, hata kama ni usiku: mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, ganzi ikishika sehemu za siri na unapokalia, au miguu ikiishiwa nguvu. Usisubiri pia ukiwa umeanguka vibaya au uliwahi kuugua saratani. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda pamoja na mgongo kuuma vinahitaji vipimo mapema, kwa sababu kifua kikuu hushambulia pingili za mgongo pia, hata kwa mtu asiyekohoa.