Bao ambalo Togo hawakulipata Chamazi

Kila nikikutana na mpenzi wa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, na tukaanza kukumbushana safari ya kufuzu WAFCON ya Morocco, yaani fainali za Afrika za wanawake, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye mabao. Nani alifunga, kwa mguu gani, jukwaa lilivyorindima. Mimi ni kocha wa makipa wa timu za wasichana, na kabla ya hapo nilikaa langoni mwenyewe kwa miaka. Bao ninalolikumbuka kuliko yote katika safari ile ni bao ambalo halikufungwa.

Mwishoni mwa 2023 tuliifunga Togo 3-0 hapa nyumbani, Azam Complex, Chamazi. Siku chache baadaye tukaenda Lomé tukafungwa 2-0. Jumla 3-2, tukapita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 2010 timu yetu ya taifa ya wanawake kufika fainali za Afrika.

Sasa chukua kalamu. Kwa ile 3-0 ya Chamazi, Togo walihitaji kushinda 3-0 kwao ili twende kwenye penati, na 4-0 ili watutoe moja kwa moja. Kama tungefunga la nne, wangehitaji 5-0. Lakini kama wangepata lile moja tunaloliita la kufutia machozi, ubao ukasoma 3-1, basi ile 2-0 yao ingewatosha kabisa: jumla ingekuwa 3-3, na wao wangekuwa na bao la ugenini, ambalo huamua nani apite timu zikilingana. Bao letu la nne lingewaongezea mzigo wa bao moja. Bao lao la kufutia machozi lingewapunguzia mzigo wa mabao mawili. Ndiyo maana silipendi jina hilo. Kwenye mechi mbili za nyumbani na ugenini, bao la namna hiyo linaweza kumliza mwenye uwanja wiki nzima.

Wala hatuhitaji kubuni mfano. Aprili 2018 tulicheza na Zambia kuwania kufuzu. Dar es Salaam ikawa 3-3, kwao ikawa 1-1. Jumla 4-4. Hatukupoteza mechi hata moja, na tukatolewa, kwa sababu Zambia walikuwa na mabao matatu ya ugenini na sisi tulikuwa na moja. Siku ile watu walilalamikia bahati. Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza yale matatu tuliyoruhusu kwenye nyasi zetu wenyewe. Timu inayofunga matatu nyumbani imefanya kazi yake ya kufunga. Kilichobaki ni kazi ya nyuma.

Miaka mitano baadaye, Septemba 2023, tulianza na Ivory Coast. Tulifungwa 2-0 kwao. Kwa wengi hadithi iliishia pale, maana Ivory Coast ni timu iliyowahi kucheza Kombe la Dunia, 2015. Tukarudi Chamazi, tukawafunga 2-0, tukashinda kwa penati. Hapa tena fanya hesabu: Ivory Coast wangepata bao moja tu Chamazi, tungehitaji manne. Kwa hiyo kipa na mabeki walikuwa wanacheza mechi ambayo kosa moja linaidai safu ya mbele mabao mawili zaidi. Raundi mbili, mechi mbili nyumbani, mabao matano ya kufunga na sifuri ya kufungwa. Tiketi yetu ya Morocco ilikatwa na ile sifuri, na ningependa wasichana wanaojifunza ukipa waijue hivyo.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu mtazamaji wa jukwaani anamwona kipa pale tu anaporuka. Timu ikiongoza 3-0 nyumbani, jukwaa linadai la nne. Mabeki wa pembeni wanapanda wote wawili, kiungo mkabaji naye anavutwa mbele, na nyuma wanabaki mabeki wa kati wawili wenye eneo kubwa kama shamba mgongoni mwao. Hapo kipa hawezi kukaa kwenye mstari wake wa goli. Anasogea hadi karibu na ukingo wa kumi na nane, yaani boksi lake, anakuwa beki wa tatu, na kila mpira mrefu unaopigwa nyuma ya mabeki ni wake kabla haujawa wa mshambuliaji. Uamuzi wa kutoka au kubaki unafanyika mpira ukiwa bado mguuni mwa anayeupiga. Ukisubiri uone unaangukia wapi, umeshachelewa.

Na muda wote huo anaongea. Sauti ni nusu ya ukipa. "Yangu!" maana yake beki ainame au apishe. "Una mtu!" maana yake usigeuke. Nimefundisha wasichana wenye mikono mizuri ajabu ambao hawakuweza kupaza sauti uwanjani, kwa sababu tangu utotoni wameambiwa mtoto wa kike hapigi kelele mbele za watu. Kumrudishia msichana sauti yake inachukua muda mrefu kuliko kumfundisha kupangua mpira wa chini. Nina wanafunzi waliochukua mwaka mzima, na siku walipoifungulia, safu nzima ya ulinzi ilibadilika ndani ya wiki mbili.

Wanapatikanaje makipa hawa? Hapo ndipo penye jeraha langu. Mimi niliwekwa golini nikiwa na miaka kumi na mitatu kwa sababu nilikuwa mrefu na sikuwa na mbio. Mwalimu aliyenipanga hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyojua. Kwa miaka minne sikupata mtu wa kunifundisha jinsi ya kuanguka. Nilianguka kwa kiwiko, kwa nyonga, kwa bega, kwenye uwanja wa changarawe, na bega la kulia linanikumbusha kila msimu wa baridi. Mpaka leo, kwenye timu nyingi za wasichana mitaani na mashuleni, kipa ni yule aliyekosa nafasi kwingine. Mazoezi yake ni kusimama langoni wakati wenzake wanajifunza kupiga mashuti. Hayo ni mazoezi ya mpigaji, yeye anatumika kama nguzo.

Lakini tuna hazina ambayo hatuitazami sawasawa: netiboli. Wasichana wetu wengi wameicheza tangu shule ya msingi, na msichana wa netiboli anadaka. Vidole vyake vinafunguka vizuri nyuma ya mpira, macho yanaufuata hadi mikononi, na anajua kupokea mpira wa juu akiwa amebanwa na watu. Mambo haya kwa msichana wa kawaida huchukua miezi. Ugumu wake uko miguuni. Netiboli inamfundisha kusimama akishapata mpira, asitembee nao, na mwili wake unaganda kwa mazoea. Kipa akishadaka ndipo mchezo wake unaanza: akimbie hadi ukingo wa boksi, arushe haraka, aanzishe kaunta, shambulizi la kushtukiza. Kwa hiyo nikipata msichana wa netiboli sihangaiki na mikono kabisa, namfanyisha kazi ya miguu.

Rede nayo ina la kwake. Watoto wengi wa kike wa Dar wameicheza uani, mmoja katikati, wawili wanamrushia mpira, naye anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Inajenga wepesi na macho makali. Ila inafundisha mwili kuukimbia mpira, na ukipa ni kuuendea. Nimewaona wasichana wepesi kama swala wanaogeuza uso pembeni shuti likija. Hilo sikemei hata siku moja. Naanza na mpira laini, karibu, polepole, mpaka shingo iache kugeuka yenyewe.

Turudi Morocco, Julai 2025. Tulipangwa kundi C na Mali, Afrika Kusini na Ghana. Mali walitufunga 1-0. Na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, tukatoka 1-1: Opa Clement alitangulia kutufungia kipindi cha kwanza, Bambanani Mbane akasawazisha kipindi cha pili. Kisha Ghana wakatufunga 4-1 na tukarudi nyumbani na pointi moja.

Nilisoma mengi ya kukatisha tamaa baada ya hapo, na sikubaliani nayo. Mwaka 2010 kule Afrika Kusini, chini ya Charles Boniface Mkwasa, tulipoteza zote tatu: 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, 3-0 na Nigeria. Mabao matatu ya kufunga, manane ya kufungwa, pointi sifuri. Safari hii, chini ya Bakari Shime, tulifunga mawili, pungufu kwa moja, tukafungwa sita, na tukapata pointi yetu ya kwanza katika historia ya fainali hizi, tena mbele ya bingwa mtetezi. Tulifunga kidogo zaidi na tukavuna zaidi. Kwa mtu wa kazi yangu hesabu hiyo inaeleweka haraka.

Kinachoniuma ni ile mechi ya Mali. Mali walimaliza kundi na pointi nne wakapita kama moja ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu, na Senegal walipita kutoka kundi lao wakiwa na pointi tatu tu. Mlango wa robo fainali ulikuwa wazi hivyo. Katika mashindano ya makundi hakuna marudiano ya Chamazi, hakuna siku nne za kurekebisha mbele ya mashabiki wako. Bao moja unaloruhusu mechi ya kwanza unalibeba hadi ya tatu, na kwa Ghana tulilazimika kutafuta ushindi, tukafunguka. Zile nne sizihesabu zote kwenye akaunti ya ulinzi. Timu inayohitaji pointi tatu inaacha mlango, na aliyefungua mlango akijua kwa nini, lawama yake ni ndogo.

Waliotwaa kombe lile, Nigeria, waliingia nusu fainali wakiwa hawajafungwa bao lolote kwenye mchezo wa wazi wala kwa penati, mechi nne. Langoni alikuwa Chiamaka Nnadozie, yule aliyeokoa penati ya Christine Sinclair wa Kanada kwenye Kombe la Dunia la 2023 na mechi ikaisha 0-0. Ukimtazama kwenye krosi utaona jambo moja: hatua yake ya kwanza ni fupi na inakwenda upande, kisha ndiyo anapanda. Haendi mbele kwa pupa. Nimewaonyesha wanafunzi wangu hatua hiyo mara nyingi kwenye simu, uwanjani, kivulini, mpaka chaji inakwisha.

Zambia nao walitufunza jambo jingine kwenye Kombe hilo hilo la 2023. Hazel Nali, kipa wao mzoefu, aliumia goti kabla ya mashindano kuanza. Catherine Musonda akasimama dhidi ya Japan na mwishoni akatolewa kwa kadi nyekundu. Eunice Sakala akaingia kumalizia, kisha akakabiliwa na Hispania waliokuja kuwa mabingwa wa dunia. Mechi zote mbili ziliisha 5-0. Ndani ya wiki chache taifa lenye Barbra Banda na Racheal Kundananji mbele lilijikuta linamtegemea kipa wa akiba. Kipa namba tatu kwenye timu nyingi hupewa nafasi ya kusafiri na kubeba koni. Nashauri wazi kwamba apewe mechi za kirafiki, dakika tisini kamili, kwa sababu siku ikifika hataulizwa kama yuko tayari.

Hili linatuhusu sasa hivi. Oktoba 2025 Twiga Stars waliitoa Ethiopia na kufuzu tena, mara mbili mfululizo, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Wakati mbele tuna Clara Luvanga, Opa Clement, Aisha Masaka na wengine waliotoka kucheza nje na wanaojulikana kwa majina mitaani, ukiwauliza watoto wa Mbagala wakutajie makipa watatu wa timu ya taifa ya wanawake, wengi watakutajia mmoja au watanyamaza. Nimeuliza.

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari aliniuliza wiki iliyopita: nina wasichana ishirini na wawili, nitamjuaje kipa? Nilimwambia asiwapange kwa urefu. Wasimame wawili wawili, umbali wa hatua kumi, arushe mpira juu kidogo pembeni ya kila mmoja, mara sita, bila kuwaambia anatafuta nini. Wengi watanyoosha mikono kwanza, mwili ubaki nyuma. Wachache miguu yao itaondoka kabla mikono haijanyanyuka, hata kama wataukosa mpira. Awaandike majina hao wachache, na siku inayofuata awarudishe, safari hii wakiwa wanapaza sauti "Yangu!" kila mpira ukiwa hewani.

Jana usiku alinitumia majina manne. Wawili wanacheza netiboli.