Mtoto Amemeza Kostiki: Maswali na Majibu

Swali: Mwanangu amekunywa kostiki soda niliyoiyeyusha kwa kutengenezea sabuni. Nimpe maziwa atapike?

Jibu: Hapana, na usimtapishe kwa njia yoyote. Kostiki iliyounguza umio, yaani njia ya chakula, itauunguza tena ikirudi juu, na huenda ikaingia mapafuni. Maziwa, mafuta, ndimu na mkaa, ambavyo majirani huvishauri kwa nia njema, vinaweza kumtapisha na kumzuia daktari kuona jeraha. Asukutue mdomo kwa maji safi na kutema, mvue nguo zilizolowa, uoshe ngozi kwa maji mengi, kisha mkimbize kituo cha afya pamoja na chupa aliyoinywea.

Swali: Mdomoni hana kidonda. Bado niende?

Jibu: Nenda. Mdomo unaweza kubaki mzima ilhali umio umeungua, kwa kuwa kostiki huyeyusha nyama na kuzidi kuzama ndani. Maji ya betri, ambayo ni tindikali, mara nyingi huumiza zaidi tumbo. Akitoka udenda, sauti ikikwaruza au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura isiyongoja hata nusu saa.

Swali: Tunaishi kisiwani Ukerewe. Atatibiwaje?

Jibu: Anzeni kituo cha karibu, ambako watalinda njia ya hewa, watamwekea dripu na kumtuliza maumivu. Ombeni rufaa mapema kwenda Mwanza, kwa mfano Hospitali ya Bugando, ili achunguliwe umio kwa kamera. Kipimo hicho hufaa zaidi ndani ya saa 24 hadi 48; kuanzia takribani siku ya 5 ukuta wa umio huwa dhaifu na kutoboka kwa urahisi, kwa hiyo kivuko kimoja mlichokikosa kina uzito. Umio au tumbo likitoboka, upasuaji wa haraka huhitajika.

Swali: Ameruhusiwa na anakula vizuri. Kwa nini arudi kliniki?

Jibu: Hapa ndipo ninapowasihi wazazi. Kuanzia wiki ya 3 hivi kovu huweza kukaza umio taratibu: ugali hukwama, kisha uji, mwishowe hata mate. Madaktari huupanua kwa vifaa maalumu, mara nyingi kwa awamu nyingi, huku wengine wakilishwa kwa mpira uliowekwa tumboni; ikishindikana, kipande cha utumbo mpana hutumika kutengeneza njia mpya. Hatari ya saratani ya umio hubaki juu hata miongo kadhaa baadaye. Akishindwa leo kumeza dagaa aliokula juzi bila taabu, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.