Mchungaji, Mungu Ananidai Nini?

Nyavu zimeibwa ziwani, mtoto kalazwa hospitali ya Bugando, biashara ya dagaa soko la Mwaloni imekufa: swali linalofika ofisini kwangu ni lile lile. “Mchungaji, Mungu ananidai nini?” Hakudai. Nimelijibu kwa upole hadi upole umeniishia, kwa hiyo leo naliandika.

“Shida hii ni malipo ya dhambi yangu, au ya babu yangu.”

Anayesema hivi Jumatatu, Jumapili aliimba kwa nguvu kwamba Yesu alibeba adhabu yetu. Achague moja. Isaya 53:5 inasema “adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake”. Haisemi aliibeba nusu, salio ukalimalizie wewe kwa mtumbwi kuzama. Hakimu aliyekwisha kupokea faini kisha akaidai tena ni dhalimu, na Mungu si dhalimu. Ndiyo maana Warumi 8:1 inasema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu.

Simaanishi kwamba kosa halina matokeo. Ukiendesha bodaboda umelewa ukavunjika mguu, pombe imefanya kazi yake. Mguu huo si fidia kwa Mungu. Na ni kweli Waebrania 12 inasema Bwana humrudi ampendaye. Lakini baba anayemrudi mwanawe anamlea, halipizi kisasi. Hata hapo msikimbilie kupiga ramli na Biblia mkononi. Rafiki zake Ayubu walifanya hivyo, wakimwambia anateseka kwa dhambi zake, wakakemewa na Mungu mwenyewe. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, na Yesu alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Luka 13). Bado nakutana na watu wanaotafuta dhambi ya abiria wa MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, au wa MV Nyerere iliyopinduka Septemba 20, 2018, karibu na kisiwa cha Ukara. Someni Luka, muwaache marehemu wapumzike.

Halafu kuna laana ya ukoo. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na Wagalatia 3:13 kwamba Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu. Anayekutoza laki mbili akuvunjie laana anakuuzia kilichokwisha kulipiwa. Mama yangu, hiyo laki mbili kalipe ada ya mtoto.

“Basi kama haniadhibu, kwa nini ameruhusu?” Sijui, na Paulo naye haelezi. Warumi 8:28 haisemi mambo yote ni mema. Inasema katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wampendao ili kuwapatia mema. Mistari minne baadaye Paulo anatoa sababu ya kumwamini: hakumwachilia Mwana wake mwenyewe, alimtoa kwa ajili yetu sote. Kwa hiyo kabla ya kunipigia, soma Warumi 8 yote, kwa sauti. Ukishindwa kusifu, soma Zaburi 88. Inaishia gizani, na bado ni sala.

“Baba alikuwa mkali, Yesu mpole akamtuliza.” Ni Baba aliyemtuma, kwa upendo, tulipokuwa tungali wenye dhambi (Warumi 5:8). Wala Mwana hakuburutwa. Kuhusu uhai wake alisema: “Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe” (Yohana 10:18).

“Fundisho hili la Yesu kubeba adhabu yetu lilibuniwa na Wazungu.” Anselm, mwanateolojia wa Ulaya, aliandika kuhusu fidia kwenye miaka ya 1090, na wanamatengenezo (Waprotestanti wa kwanza) wa karne ya 16 wakakazia adhabu. Waorthodoksi hukazia zaidi ushindi juu ya mauti. Maelezo yanatofautiana, ila Isaya 53 ilikuwepo kabla yao wote.

“Mungu anatawala, boya la nini?” Wavuvi wangu, hili ni lenu. Katika Matendo 27 Mungu alimwahidi Paulo kwamba hatapotea mtu hata mmoja kati ya 276 waliokuwa merikebuni. Paulo akaiamini ahadi. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, aliwaonya askari kwamba mabaharia hao wasipobaki, askari wenyewe hawataokoka. Kisha akawahimiza wote kula chakula ili wapate nguvu. Nanyi sikilizeni utabiri wa hali ya hewa kabla ya kutoka, mvae boya, ndipo tuombe.