"Huyu Namfahamu" na dhana nyingine zinazotutia hasara kwa wazabuni

"Huyu namfahamu." Mwezi huu pekee nimeisikia kauli hiyo mara nne, kila ninapomuuliza mtu habari za mzabuni wake, yaani anayemletea mzigo. Ya mwisho ilikuwa Jumatatu, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Mtwara mjini. Nilimwomba faili la anayemletea vinywaji. Akacheka, akatoa simu kwenye mkoba, akanionyesha jina: "Shemeji Soda". Hilo ndilo faili. Kazi yangu ni hesabu na ugavi, nazunguka kwenye biashara za watu kuanzia Mikindani mpaka Masasi na Nachingwea, na nimechoka. Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe.

Dhana: "Huyu namfahamu, makaratasi ya nini?"

Yeye unamfahamu, sawa. Unajua anaswali msikiti upi, mkewe katoka Newala, mwanawe yuko kidato cha ngapi. Biashara yake je? Mzigo ni wake, au anauchukua mali kauli kwa mtu mwingine, alipe akishauza? Leseni yake inaisha lini? Jina la kwenye akaunti ya benki ndilo la kwenye risiti? Akilazwa kesho hospitali ya Ligula, nani atapokea simu yako?

Watu wakisikia habari ya kumkagua mzabuni wanadhani nawinda matapeli. Matapeli wapo, lakini hasara nyingi nilizoziona kwa macho yangu zimeletwa na watu waaminifu kabisa. Nina mteja mwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho. Mifuko ya kufungashia aliletewa na kijana waliyekua naye mtaa mmoja. Miaka mitatu, hakuna tatizo. Mwaka wa nne akampa 6,500,000 za awali, taslimu, ndani ya bahasha, bila hata kusainishana. Kijana alikuwa mkweli. Kumbe hakuwa na ghala wala mtaji. Alikuwa winga, fedha anaipeleka kwa mwenye mzigo Kariakoo, yeye anabaki na cha juu chake. Safari hiyo mwenye mzigo akazima simu. Kijana analia, mteja wangu analia, korosho zimeshabanguliwa na hazina mfuko wa kuingia, mnunuzi anapiga simu kila asubuhi. Nikamuuliza, sasa unamdai nani? Kijana hana kitu, na yule wa Kariakoo wewe hakujui hata kwa jina.

Kuwa winga si dhambi. Ila ukijua kwamba unanunua kwa winga, humpi fedha ya awali kama unayempa mwenye ghala. Unampa akileta.

Kufahamiana huku kuna mkia, na mkia wake uko TRA, mamlaka ya mapato. Shemeji hatoi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, kwa sababu ni shemeji, mnamalizana nyumbani. Hesabu za mwaka zikifika, gharama isiyo na risiti inakataliwa, na wewe unalipa kodi ya faida ambayo hukuiona. Kama nyote wawili mmesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ile asilimia 18 uliyomlipa huwezi kuirudisha bila risiti. Na mwenye ghala unalolikodi naye ni mzabuni, msimsahau: asilimia 10 ya pango unatakiwa uikate wewe mpangaji na kuipeleka TRA. Usipoikata kwa kuwa ni baba mdogo, utakayedaiwa ni wewe.

"Lakini nitamwombaje leseni mjomba wangu? Ataona namdharau." Hapa nawaelewa. Kwetu kumdai mkubwa karatasi ni kama kumwambia usoni kwamba humwamini. Dawa yangu ni moja na naitoa bure: nisingizie mimi. "Shikamoo mjomba. Huyu mhasibu wangu ananisumbua, anasema bila nakala kwenye faili hapitishi malipo." Mjomba atanitukana, kisha ataleta nakala. Nimeshatukanwa na wajomba wa Lindi nzima na bado nakula vizuri.

Ninachotaka ni karatasi moja kwa kila mzabuni. Jina kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, wanaosajili kampuni na majina ya biashara. Namba ya mlipakodi, TIN. Leseni ya biashara na tarehe ya kuisha. Akaunti ya benki au lipa namba yenye jina lilelile. Mtu wa pili wa kumpigia. Kisha nenda ukaone anapoweka mzigo, na hapa sibadili msimamo hata mkinichukia. Dukani kila mtu anapendeza. Nenda ghalani, tena usimpe taarifa ya siku mbili kabla. Ukiambiwa mara ya pili kwamba mwenye funguo kasafiri, umeshajibiwa. Oda ya kwanza iwe ndogo, ya kiasi ambacho kikipotea utakasirika bila kufunga biashara.

Dhana: "Ana TIN, yuko sawa."

TIN inatolewa bure. Ni namba ya mlipakodi, basi. Haikuambii kama ana leseni, haikuambii kama kampuni yake iko hai BRELA, wala haikuambii kama amesajiliwa VAT. Tuendelee.

Dhana: "Akishaleta mzigo, alikoutoa hakunihusu."

Anayesema hivi huku kwetu sijui anaishi wapi. Korosho ghafi inapita stakabadhi ghalani na minada ya ushirika. Kangomba, yaani korosho iliyonunuliwa kwa mkulima nje ya utaratibu huo, ikikutwa ghalani kwako, aliyekuletea hatakuwepo, na maswali utajibu wewe. Omba karatasi za mnada lori likiwa bado halijashushwa.

Dhana: "Nina wazabuni wawili, mmoja akikwama wa pili yupo."

Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam pale Somanga, Kilwa. Malori yakapanga foleni pande zote mbili. Mteja wangu wa vifaa vya ujenzi alikuwa na wazabuni wawili wa saruji na nondo, na alikuwa akijisifu nao mbele yangu. Wote wa Dar, wote wanapita Somanga. Kumbe alikuwa na mzabuni mmoja mwenye majina mawili.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mzabuni ni hili: mzigo wako unapita wapi? Kwa bidhaa ile ambayo ikikosekana unafunga mlango, tafuta mmoja mwenye akiba upande huu wa Somanga, hata kama bei yake imezidi kidogo. Au mwenye uwezo wa kuzungukia Songea na Tunduru mambo yakiharibika, ijapokuwa nauli hiyo itakuuma. Bei ya chini ya mzigo uliolala Kilwa haina faida yoyote kwa fundi aliyesimama dukani kwako na fedha mkononi.

Dhana: "Nilishamsajili, yamekwisha."

Leseni ya biashara ni ya miezi 12. Anayeongoza kampuni leo si lazima awe yule wa mwaka juzi. Mimi mafaili ya wateja wangu nayapitia kila mwaka kabla msimu wa korosho haujaanza, maana ukianza hakuna mwenye muda wa kunisikiliza.

Na akaunti za benki nazo. Wote mnaijua ile meseji, "ile hela tuma kwenye namba hii," na wote mnaicheka. Sasa ije kwenye karatasi yenye nembo na muhuri wa mzabuni wako, kwa lugha ya heshima, eti tumebadilisha akaunti, malipo yote yaelekezwe hapa. Hakuna anayecheka. Nilikuwa Lindi kwa mteja, nimeenda kwa shughuli nyingine kabisa, nikamkuta binti wa hesabu amefungua programu ya benki na barua ya namna hiyo iko pembeni ya kikombe cha chai. Kiasi alikuwa ameshaandika: 8,200,000.

"Umempigia?"

"Bado. Ngoja nimpigie."

Akaanza kubonyeza namba iliyoandikwa kwenye barua. Nikamwambia mwanangu, weka simu chini, tafuta namba ya zamani kwenye faili lake. Faili halikuwapo. Tukapekua kwenye boksi la makaratasi karibu nusu saa, tukaipata imeandikwa kwa kalamu nyuma ya delivari, karatasi ya kupokelea mzigo, ya mwaka juzi. Mzee wa upande wa pili akapokea, akaitikia salamu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Akaunti gani tena, mwanangu? Sisi hatujabadilisha kitu."