Ushabiki wa mbali: kwa nini Dodoma inalia Yanga ikifungwa Dar

Siku Yanga inapokuja kucheza na Dodoma Jiji, fika Uwanja wa Jamhuri saa nane mchana ukae karibu na geti. Utawaona vijana wa Chang'ombe, Nkuhungu na Kizota wakishuka kwenye bajaji wamevaa njano na kijani. Ni watu wa hapa hapa, na wengine babu zao walichunga ng'ombe kwenye ardhi ambayo leo ni mitaa yenye lami. Mpira ukianza, mgeni asiyejua chochote ataapa kwamba wenyeji ni Yanga, na Dodoma Jiji, hao Walima Zabibu, ndio waliosafiri kilomita 450 kutoka pwani. Akija Simba hali ni ile ile, inabadilika rangi tu.

Hicho ndicho ninachokiita ushabiki wa mbali: kuipenda timu ya mji ambao hukuzaliwa, huishi, na pengine hutakanyaga maisha yako yote. Viongozi wa klabu zetu wakipanda jukwaani huwataja watu wao kwa mpangilio mmoja: wanachama, wapenzi na mashabiki. Mwanachama ana kadi na analipa ada. Mpenzi na shabiki hawaombwi karatasi yoyote. Mtaani yupo na wa nne, mnazi. Huyu hana kadi, makao makuu ya klabu hayajui, lakini timu ikifungwa chakula hakishuki. Dodoma imejaa wanazi, na swali ni jinsi walivyopatikana.

Wazee wa kijiwe cha kahawa pale Majengo huwatupia vijana swali lao kila Jumapili asubuhi: "Kwani Arsenal ni ya mjomba wako?" Wanalenga kumnyamazisha mtu. Mimi naona ni swali zuri kuliko wao wenyewe wanavyodhani, kwa sababu kwa wengi wetu jibu ni ndiyo. Yanga niliipata kwa mjomba, kama wengine wanavyorithi shamba.

Mjomba alikuwa mtu wa reli, akiishi Gulwe, stesheni ndogo ya Reli ya Kati wilayani Mpwapwa. Likizo zangu za miaka ya 80 niliishi kwake. Alikuwa na redio ya betri sita, na betri zikianza kuchoka alizianika juani juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu ya dakika 90 jioni. Nchi nzima ilisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Stesheni za watu binafsi hazikuja mpaka katikati ya miaka ya 90. Tuliketi nje juu ya taruma kuukuu la reli: mjomba, mkewe akichambua mlenda, sisi watoto, na jirani yao mmoja mzee ambaye alikuwa Simba. Mtangazaji akisema mpira umepelekwa wingi ya kulia, mjomba aliinamisha kichwa kulia. Sikuwahi kuuona uwanja, lakini niliuona shingoni mwake.

Gulwe ilikuwa na timu yake pia. Ilichezea uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba za reli, na tuliipenda kwa saa zile mbili za Jumamosi. Kilichokosekana ni kutajwa. Redio haikuitaja Gulwe, gazeti lililofika na treni likiwa la juzi halikuitaja, na mgeni aliyeshuka behewani hakuwa na la kuuliza juu yake. Yanga na Simba zilitajwa kila mahali treni iliposimama, kutoka Dar mpaka Kigoma. Mtu akihamishwa kikazi kutoka Tabora kwenda Mpwapwa, alifika akiwa na la kuongea na watu asiowajua. Baadaye ikawa hivyo hivyo hapa mjini. Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia 2016, watumishi walihama na makabati, watoto na timu zao, na jirani wa mtaa wa Kisasa aliyetoka Dar alimkuta jirani wa Dodoma tayari anabishana naye.

Kabla sijaendelea, kuna jambo dogo linalonivutia. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na zote zina makao Kariakoo, umbali wa kutembea kwa miguu. Lakini Simba haikuitwa Simba mpaka 1971. Kwa miaka mingi kabla ya hapo iliitwa Sunderland, jina la mji wa kaskazini mwa England. Kwa hiyo anayedhani kijana wa leo ndiye wa kwanza kuvutiwa na jina la timu ya ng'ambo, akumbuke kwamba babu yake alishangilia Sunderland ya Kariakoo.

Redio inaeleza jinsi timu ilivyofika. Haielezi kwa nini ilikaa. Hapo ndipo panapohitajika neno ambalo Watanzania tunalo tayari, na ambalo nadhani linaeleza ushabiki kuliko maneno mengi ya wataalamu: utani.

Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Tumelizoea neno mpaka hatulisikii. Utani wa makabila una sheria zake: mtani anaweza kukutukana usoni na huruhusiwi kukasirika, anaweza kuchukua kofia yako, na ukifiwa ni yeye anayekuja kufanya mzaha katikati ya kilio na kusaidia kazi za mazishi. Ni uhusiano wa karibu uliovaa nguo za ugomvi. Sasa, utani hauwezi kufanywa na mtu mmoja. Unahitaji pande mbili zinazojulikana na wote. Mjini Dodoma, ambako Mgogo anakaa ukuta mmoja na Mchaga na Msukuma, Simba na Yanga zimekuwa makabila mawili ambayo kila mtu anaweza kuingia bila kuulizwa ukoo. Muuza nyanya wa Sabasaba anamwita mkurugenzi "kolo" akiwa Simba au "utopolo" akiwa Yanga, na mkurugenzi anacheka. Ukitoa mpira, maneno hayo yangempeleka polisi.

Wanasaikolojia walilifikia jambo hili kwa njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 70, Henri Tajfel na wenzake huko Bristol waliwagawa vijana wa shule katika makundi mawili, wakiwaambia eti kundi moja linapenda michoro ya Klee na jingine ya Kandinsky. Ukweli ni kwamba waligawanywa ovyo tu, na kijana hakujua nani mwingine yuko kundi lake. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kugawa fedha kidogo, waliwapendelea wa kundi lao. Wengine walikuwa tayari kundi lao lipate pungufu, ili mradi lile jingine lipate pungufu zaidi. Shabiki yeyote wa dabi ya Kariakoo anaijua hesabu hiyo. Kuna Yanga wengi ambao Simba ikitolewa na timu ya Morocco wanalala usingizi mzuri kuliko siku Yanga yenyewe iliposhinda.

Utafiti mwingine ninaoupenda ni wa Robert Cialdini na wenzake, Marekani, 1976. Waliwasikiliza wanafunzi wakisimulia mechi za timu ya chuo chao. Timu iliposhinda wanafunzi walielekea kusema "tumeshinda". Iliposhindwa, "wameshindwa". Kiswahili kinaionyesha tabia hii vizuri kuliko lugha nyingi, maana imo ndani ya kitenzi chenyewe. Panda daladala ya Nzuguni asubuhi baada ya mechi uhesabu: "tumewapiga tatu" ni sauti ya juu, na "wamefungwa kizembe" husemwa kuelekea dirishani. Mnazi wa kweli utamtambua hapo. Ni yule anayesema "tumefungwa".

Timu za England zilikuja kwa mlango mwingine, wa kibanda umiza. Nenda Nkuhungu Jumamosi jioni. Ni banda la mabati lenye madirisha yaliyozibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, mabenchi ya mbao, runinga mbili ndani ya kizimba cha nondo, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki mechi za siku hiyo. Unalipa kiingilio kidogo, unapigwa muhuri mkononi. Ndani joto, nje upepo wa Dodoma unasukuma vumbi chini ya mlango. Kuna kona ya Man United, kona ya Arsenal, na Chelsea wako karibu na feni. Hakuna aliyezipanga. Ukikaa kona isiyo yako utaambiwa, kwa upole lakini utaambiwa.

Kijana anayeingia humo mara ya kwanza akiwa na miaka kumi haendi kuchagua timu kama mtu anayechagua shati. Anakaa alipokaa kaka yake. Mafanikio yana sehemu yake, sikatai, na mara nyingi timu ya mtu itakuambia alikuwa na umri gani mwaka fulani. Mashetani Wekundu wengi wa rika langu waliingia 1999, United ilipobeba makombe matatu makubwa msimu mmoja. Arsenal wengi ni wa enzi za Kanu, na ule msimu wa 2003/04 uliopita bila kupoteza mechi ya ligi. Chelsea waliletwa na Drogba kuanzia 2004. Wachezaji wa Afrika waliwafungulia wengi mlango.

Lakini kama ushindi ndio ungekuwa gundi, Arsenal ingebaki bila mtu Dodoma. Kutoka 2005 hadi 2014 haikupata kombe lolote kubwa. Miaka tisa! Kona yao ya kibandani haikupungua. Nilikuwa nikipita pale, na walizidi kuongezeka, wakichekwa kila wiki na wakirudi kila wiki. Ushindi unamwingiza mtu mlangoni. Anayemketisha benchini ni yule aliyekaa naye.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Mbwana Samatta. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na tarehe 1 Februari akafunga dhidi ya Bournemouth. Machi mosi akafunga tena, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Ghafla Villa ilikuwa timu ya taifa, na watu ambao hawakuwahi kulitamka jina la Birmingham walijua msimamo wa ligi kuanzia chini kwenda juu. Kwa hoja ya uhusiano, hakuna timu ya Ulaya iliyowahi kuwa karibu nasi kuliko hiyo. Mwaka huo huo akaenda Fenerbahçe, na Villa ikaondoka naye. Tulikuwa tumempenda Samatta, tena kwa haki kabisa, ila hapakuwa na kona ya Villa kibandani, wala kaka wa kurithiwa, wala mtani wa kukucheka.

Upande unaoniuma ni wa Dodoma Jiji. Tangu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020 inacheza mechi nyingi mbele ya viti vitupu, na wanaosema hatuna uzalendo wanaishia hapo. Mimi nadhani sababu ni ya muda. Mjomba hawezi kukurithisha timu iliyokufa kabla yake. Mji huu uliwahi kuwa na timu ya CDA, iliyobeba jina la mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu, na mamlaka yenyewe ilivunjwa 2017. Ulikuwa na Polisi Dodoma. Timu ya ofisi huishi kadiri ofisi inavyoipenda, na watoto wake hubaki yatima. Siyo Dodoma tu: Tukuyu Stars ilikuwa bingwa wa Tanzania 1986, na leo mtoto wa Tukuyu anachagua kati ya Simba na Yanga kama mtoto wa Bahi. Walima Zabibu wakidumu miaka thelathini, hata kwa kushuka na kupanda, watapata wajomba wao. Ningependa sana kuliona hilo.

Mjomba alifariki Gulwe, amestaafu. Kutoka Jangwani, makao makuu ya Yanga, hakuja mtu, na hakuna aliyetarajia. Aliyefika wa kwanza, kabla hata ya ndugu wa Kongwa, ni yule jirani mzee wa Simba, amevaa kofia yake nyekundu. Akasimama mbele ya waombolezaji akasema marehemu ameikimbia dabi ya mwezi ujao, kwa kuwa alijua tutamfunga. Mke wa mjomba alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha mzee akavua kofia, akashika jeneza upande wa mbele mpaka makaburini.

Siku ya dabi yenyewe alikuja tena jioni, akaketi juu ya taruma, upande wake ule ule, akaomba redio iwashwe.