Kilokalori, megajuli na wati: soma kipimo kabla ya kulaumu majibu ya maabara

Dirisha letu la kupokelea sampuli za vyakula vya mifugo limejaa malalamiko ya namna moja msimu huu. Mfugaji anakuja na karatasi mbili za chakula kilekile cha kuku wa mayai. Moja inasema 2,750, nyingine inasema 11.5, na yeye anataka kujua nani kamdanganya. Hajadanganywa na mtu. Namba ya kwanza ni kilokalori kwa kilo, ya pili ni megajuli kwa kilo. Kilokalori moja ni kilojuli 4.184, kwa hiyo 2,750 mara 4.184 ni kilojuli 11,506. Gawanya kwa 1,000 na utaiona 11.5 imekaa pale pale.

Tofauti ikibaki hata baada ya hesabu hiyo, angalia kama mmoja amepima chakula kama kilivyo mfukoni na mwingine amepiga hesabu kwa uzito mkavu. Chakula chenye ukavu wa asilimia 90 na megajuli 11.5 kwa kilo kitasomeka 12.8 kwa kilo ya uzito mkavu. Chakula ni kilekile, kilichoondolewa ni maji tu. Na "kalori" inayosemwa mitaani ni kilokalori. Tunawaomba sana muandike "kilo" hiyo, kwa sababu bila yake namba inakosewa mara elfu moja.

Kinachotusumbua zaidi ni mahitaji ya mnyama mwenyewe. Kilokalori na megajuli ni kiasi cha nishati; wati ni kasi ya kuitumia, yaani juli moja kwa kila sekunde. Wapo wanaokataa kabisa kwamba kuku ana wati, wakidhani wati ni mambo ya umeme peke yake. Kuku wa kilo 2 aliyetulia, hajala na wala hasikii baridi, anatumia takriban kilokalori 118 kwa siku. Hizo ni kilojuli 494. Siku ina sekunde 86,400. Ukigawanya unapata wati 5.7, kama balbu ndogo ya LED inayowaka usiku na mchana.

Namba 118 inatokana na kanuni ya Max Kleiber, mtafiti wa lishe ya mifugo, iliyoanzia mwaka 1932: chukua uzito kwa kilo, upandishe kwa kipeo cha robo tatu, kisha zidisha kwa 70. Simu ya kawaida inatosha. Andika 2, bonyeza kipeuo cha pili mara mbili, utapata 1.189. Izidishe namba hiyo kwa yenyewe, kisha jibu lizidishe tena kwa namba hiyohiyo, upate 1.682. Mara 70, ni 118.

Kijana mmoja alinifungulia daftari lake, mistari imepigwa kwa rula, kila kitu safi. Alianza na ng'ombe wa kilo 400, ambaye kwa kanuni hiyo anatumia wati 303. Akagawanya kwa 400, akazidisha kwa 2, akaandika kwamba kuku wake anahitaji wati 1.5. Hesabu ya kugawanya ilikuwa sahihi, ila mnyama hagawanyiki hivyo. Kilo moja ya ng'ombe inatumia wati 0.76, kilo moja ya kuku inatumia 2.85, karibu mara nne. Kuku 200 wana uzito wa ng'ombe huyo mmoja, lakini kwa pamoja wanachoma wati 1,140. Kwa daftari lile kuku wangepewa robo ya haki yao, na banda lingenyamaza bila yai. Hili tumelieleza kwenye kila semina, na bado linarudi.

Tahadhari: 118 si kipimo cha kulishia. Kuku anayetaga, anayetembea na kuota manyoya hula gramu 115 hivi kwa siku za chakula kile cha kilokalori 2,750 kwa kilo, ambazo ni kilokalori 316.

Kwa wanafunzi wanaotuletea vipimo vya oksijeni: lita moja ya oksijeni inayotumiwa mwilini huendana na nishati ya takriban kilojuli 20.1 mnyama akila mchanganyiko. Akichoma wanga inakuwa 21.1, akichoma mafuta inashuka hadi kama 19.7. Hivyo mililita 1 kwa dakika ni wati 0.335. Lakini lita hiyo ni ya oksijeni kavu, nyuzi joto 0, kwa mgandamizo wa usawa wa bahari. Lita ya oksijeni kavu iliyopimwa kwenye mita 1,400, kama Arusha, ikiwa nyuzi 25, ni lita 0.77 tu baada ya kusahihishwa. Asiyesahihisha anamwongezea mnyama wake karibu theluthi moja ya nishati ambayo hakuitumia.

Sasa utaratibu. Sampuli iwe kilo moja, kutoka mifuko tofauti ya mchanganyiko mmoja, ndani ya mfuko mkavu uliofungwa. Fomu ijazwe nakala mbili. Moja inabaki kwetu, nyingine inagongwa muhuri na unarudi nayo. Sehemu ya kipimo ijazwe kwa maneno kamili, pamoja na kigezo cha uzito: kama kilivyo, au mkavu. Fomu yenye namba isiyo na kipimo inarudishwa, na sampuli inapangwa upya mwisho wa foleni, hata kama mwenyewe ametoka mbali. Lebo yenye kipimo kisichoeleweka haitapata cheti chetu hadi ichapishwe upya, na gharama ya kuchapisha ni ya mchanganyaji. Kubandika karatasi juu ya namba ya zamani hakukubaliki. Fomu za zamani zisizo na sehemu ya kigezo cha uzito bado zinapokelewa, mradi uandike kigezo hicho kwa mkono pembeni na uweke sahihi mbele ya mpokeaji.