Je, mwimbaji wa roki laini huwa mgeni katika kantri?

Wasikilizaji wengi huamini kwamba mwimbaji wa roki laini wa Marekani anayefanikiwa katika kantri, muziki wa Marekani wenye asili ya vijijini kusini, huwa ameuacha muziki wake ili kufuata soko, kwa kuwa aina hizo mbili hazina undugu. Imani hiyo inaeleweka, maana redio huzitenga.

Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1950 watayarishaji wa Nashville, jiji ambalo ni kitovu cha kantri, walipunguza ala za kantri ya zamani, yaani fidla (vayolini inayopigwa kwa mtindo wa kijijini) na banjo, wakaweka vayolini za mpangilio laini na waitikiaji wa sauti nyororo, hivyo kantri ikalainika. Na kufikia miaka ya 1970 wanamuziki wa Los Angeles nao walikuwa wameingiza kantri katika roki yao. Anayehama, basi, mara nyingi huvuka ua wa jirani tu. Soko lina nafasi yake, ila halielezi yote.

Anayetaka kuhakikisha asikilize kwa makini rekodi za awali za mwimbaji huyo: je, kuna gitaa la stili, lile linalolazwa na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi hata likasikika kama linalia? Kisha asome jalada la albamu, hasa mahali iliporekodiwa na majina ya wapigaji. Nashville ikiwa imeandikwa humo miaka kadhaa kabla ya kuhama, mizizi ilikuwapo tangu hapo.